Keneli nimewasha EFI lakini efibootmgr inasema haisapotiwi, nakosea wapi?

biti_mbichi

Wakuu heshima kwenu. Nataka niachane na ile njia ya kizamani ya BIOS nihamie EFI (UEFI), femwea (programu iliyomo kwenye chipu ya mashine) inyanyue keneli ya Linux yenyewe moja kwa moja bila GRUB, ile butiloda inayopakia keneli, kukaa katikati. Diski nimeshaipanga kwa GPT (jedwali la kisasa la patisheni), kuna patisheni ya FAT32 ya MB 512 nimeimaunti kwenye /boot/efi, nikaingia menuconfig (menyu ya mipangilio ya keneli) nikawasha EFI, nikakompaili, nikarestati, na keneli imewaka fresh tu kupitia GRUB ileile ya zamani. Sasa nikija kusajili buti mpya kwenye femwea kwa efibootmgr naambulia hii:

`EFI variables are not supported on this system.`

Nikiangalia /sys/firmware/efi hiyo folda haipo kabisa, sio kwamba ni tupu, HAIPO. Nimejaribu modprobe efivarfs, inaingia kimya kimya bila erori ila hakuna kinachobadilika. Config yangu ndio hii, nimeichuja kwa zcat /proc/config.gz:

```
CONFIG_EFI=y
# CONFIG_EFI_STUB is not set
CONFIG_EFIVAR_FS=m
CONFIG_BLK_DEV_NVME=m
CONFIG_EXT4_FS=y
# CONFIG_CMDLINE_BOOL is not set
# CONFIG_FB_EFI is not set
CONFIG_VFAT_FS=y
```

Mashine ni x86 ya 64-bit, sio ya zamani sana. Naombeni mwongozo, nimeshachoka kukompaili kwa kubahatisha.

---

fundi_wa_dmesg

Umewaka kwa BIOS mkuu, hakuna muujiza hapo. Hiyo folda keneli inaitengeneza pale tu ilipowashwa na femwea kwa njia ya EFI. Ukiipitisha kwenye modi ya zamani, hata uwashe kila kitu kinachoanza na EFI kwenye menuconfig haitatokea, maana femwea haikuikabidhi keneli lile jedwali la EFI wakati wa kuwaka, na baada ya hapo hamna namna ya kulipata. Ndio maana modprobe inakubali lakini hupati kitu.

---

biti_mbichi

Sawa nimekupata, lakini hapo sasa ndio kichwa kinaniuma. Ili niwake kwa UEFI nahitaji kusajili kwa efibootmgr, na ili efibootmgr ifanye kazi lazima niwe nimeshawaka kwa UEFI. Sasa naanzia wapi?

---

mama_terminali

Huhitaji kusajili chochote mara ya kwanza. Femwea zote za UEFI zina njia moja ya akiba ambayo haitegemei usajili wowote: zinaingia kwenye ile patisheni ya FAT na kutafuta faili `\EFI\BOOT\BOOTX64.EFI`. Ndivyo fleshi za kuinstolia distro zinavyowaka kwenye mashine ambayo haijawahi kuziona. Kwa hiyo chukua keneli yako, ikopi pale kwa jina hilo, zima CSM (modi ya kuiga BIOS ya zamani) kwenye setapu, restati.

LAKINI kabla hujakimbilia kukopi, kwa config hiyo uliyoweka haitawaka, na nitakwambia kwa nini maana naona watu wengi wanakwama palepale wanaanza kulaumu mashine.

Kwanza EFI_STUB imezimwa. CONFIG_EFI inaipa keneli uwezo wa kuongea na femwea ikishawaka, basi. EFI_STUB ndio inayolifanya lile faili la bzImage (keneli iliyokompailiwa) lenyewe liwe programu ya EFI ambayo femwea inaweza kuifungua kama inavyofungua programu nyingine yoyote. Kitu hiki kipo tangu keneli 3.3 ya mwaka 2012 kwa hiyo sio kigeni, ila ukianza na config uliyoipunguza mwenyewe ni rahisi kukuta kimezimwa. Namna ya kuhakikisha ni rahisi, baada ya kukompaili piga:

`head -c 2 arch/x86/boot/bzImage`

Ikitoa herufi MZ ujue stub imo. Ukiona takataka nyingine usihangaike kulikopi, femwea italipita kama halipo.

Pili, hapa ndio penyewe. Draiva ya diski yako ya NVMe ni moduli (m), yaani faili la pembeni, haimo ndani ya keneli kama zile za y. Sasa hivi unawaka vizuri kwa sababu GRUB inapakia initramfs (mfumo mdogo wa muda unaotangulia), na ile initramfs ndio imebeba draiva ya diski. Ukitoa GRUB ukaacha keneli ijitegemee, itaamka ikiwa haina draiva ya kuisomea diski, na draiva yenyewe ipo ndani ya hiyohiyo diski. Utapata ile `VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)` na hapo ndio mwisho wa safari. Kwa hiyo BLK_DEV_NVME weka y, ext4 umeshaweka y vizuri.

Tatu, ukiiwasha kwa ile njia ya akiba hakuna mtu wa kuiambia keneli root (patisheni kuu ya mfumo) iko wapi. Washa CMDLINE_BOOL halafu ndani ya CMDLINE (hoja anazopewa keneli wakati wa kuwaka) andika hivi:

`root=PARTUUID=xxxx rootfstype=ext4 rootwait rw`

Zingatia PARTUUID, sio UUID. UUID ni ya faili sistemu na keneli peke yake haijui kuisoma, ile huwa inatafsiriwa na programu zilizomo kwenye initramfs. PARTUUID ipo kwenye jedwali la GPT na keneli inaisoma yenyewe. Utaipata kwa `blkid`.

---

stub_tupu

Mama terminali kamaliza. Niongezee tu kwenye skrini maana ndio itakuwa post yake inayofuata: FB_EFI (draiva ya skrini ya EFI, efifb) umezima. Ukiwaka kwa UEFI hakuna ile VGA text ya BIOS ya kuandikia, kwa hiyo keneli inaweza kuwaka salama salmini mpaka login na wewe unaangalia skrini nyeusi unadhani imekufa. Washa FB_EFI pamoja na FRAMEBUFFER_CONSOLE. Kama keneli yako ni mpya unaweza kwenda na njia ya kisasa, SYSFB_SIMPLEFB na DRM_SIMPLEDRM, ila usichanganye, ukiwasha SYSFB_SIMPLEFB ukasahau kuwasha draiva ya kuipokea, efifb nayo haitaishika ile skrini na unarudi kwenye giza.

Kwenye laptop angalia taa ya Caps Lock. Ikiwa inawaka na kuzima yenyewe hiyo ni panic, keneli imekufa. Ukibonyeza Caps Lock ikaitikia kawaida ujue keneli iko hai, tatizo ni skrini tu.

---

jogoo_la_grub

Mimi sielewi haya mateso ya nini jamani. Weka GRUB ya EFI au systemd-boot, initramfs yako ibaki, UUID yako ibaki, moduli zako zibaki, maisha yaendelee. Mtu anajenga keneli kubwa kama nyumba ili aokoe sekunde mbili za kuwaka?

---

stub_tupu

@jogoo_la_grub systemd-boot yenyewe inahitaji EFI_STUB kaka, haina uwezo wa kupakia keneli isiyo na stub, inaikabidhi kwa femwea tu. Kwa hiyo hata akifuata ushauri wako bado hiyo mistari anaihitaji.

---

jogoo_la_grub

Hiyo nakubali, EFI_STUB iwe y kwa kila mtu hata kama hataki kuitumia leo. Nilichokuwa napinga ni hii ya kutupa initramfs. Mwenye diski iliyofungwa kwa LUKS (usimbaji) au iliyopangwa kwa LVM hawezi kwenda bila initramfs, asome hii thread akaigeze kesho analia. Na kwa taarifa yenu initramfs haihitaji butiloda, unaweza kuielekeza kwenye cmdline hivi `initrd=\EFI\Linux\initramfs.img`, alama za mkwaju wa kinyume, na faili liwe kwenye patisheni ileile ya FAT. Stub inalisoma yenyewe. Au unalipachika ndani ya keneli kwa INITRAMFS_SOURCE ubaki na faili moja.

---

mama_terminali

Hapo jogoo yuko sahihi. Kwa LUKS hakuna mjadala, initramfs lazima.

---

biti_mbichi

Sina LUKS wala LVM, ext4 ya kawaida tu. Nimefanya yote, MZ imetokea, nimekopi kwa jina la BOOTX64.EFI, CSM nimezima. Sasa femwea haioni kabisa kitu cha kuwasha, inanirudisha kwenye setapu. Kwenye orodha ya buti hata diski yenyewe haitokei. Nikirudisha CSM GRUB ya zamani inawaka kama kawaida.

---

fundi_wa_dmesg

Leta hii:

`lsblk -o NAME,FSTYPE,PARTTYPE`

---

biti_mbichi

```
nvme0n1
├─nvme0n1p1 vfat  0fc63daf-8483-4772-8e79-3d69d8477de4
├─nvme0n1p2       21686148-6449-6e6f-744e-656564454649
└─nvme0n1p3 ext4  0fc63daf-8483-4772-8e79-3d69d8477de4
```

---

fundi_wa_dmesg

Ndio hiyo. Patisheni ya kwanza umeiformati FAT32 lakini kwenye GPT bado imeandikwa ni patisheni ya kawaida ya Linux. Hiyo 0fc63daf ndio aina ya data ya Linux. Femwea nyingi hazichungulii ndani kuona kama ni FAT, zinaangalia aina iliyoandikwa kwenye jedwali, inatakiwa iwe c12a7328-f81f-11d2-ba4b-00a0c93ec93b. Kwenye gdisk ni t, namba 1, kodi EF00, halafu w. Data haipotei, unabadilisha lebo tu ya jedwali.

Hiyo ya pili iache kwanza, ndio GRUB yako ya BIOS inapoishi, bado ni mlango wako wa dharura.

Na Secure Boot hakikisha imezimwa wakati wa majaribio. Keneli yako haijasainiwa, femwea itaikataa, na nyingine zinakataa bila hata kutoa ujumbe. Ukishatulia utaisaini kwa sbsign na funguo zako mwenyewe, hiyo ni mada nyingine.

---

ndege_wa_usiku

Naomba nidandie wakuu. Mimi nina tableti ya zile za Bay Trail, CPU ni 64-bit lakini BOOTX64.EFI haiitambui hata kidogo. Nimefanya hayohayo yote ya juu.

---

stub_tupu

@ndege_wa_usiku hizo zina femwea ya 32-bit juu ya CPU ya 64-bit, zilitoka nyingi sana enzi hizo. Femwea yako inatafuta BOOTIA32.EFI na haiwezi kufungua programu ya 64-bit, kwa hiyo keneli kujiwasha yenyewe hapo sahau. Unahitaji butiloda ya 32-bit, GRUB ya i386-efi inafaa, halafu kwenye keneli uwashe CONFIG_EFI_MIXED ambayo ipo tangu 3.15. Bila hiyo unaweza ukafanikiwa kuwaka lakini huduma za femwea keneli haitaweza kuziita, utarudi kwenye "not supported" ileile.

Ukishawaka hakiki kwa `cat /sys/firmware/efi/fw_platform_size`, itakuandikia 32.

---

biti_mbichi

Imewakaaaa!! Baada ya kubadili aina ya patisheni diski imetokea kwenye orodha ikiwa na neno UEFI mbele yake, nikaichagua, ikaenda moja kwa moja. dmesg sasa inaanza na mistari ya `efi:` na /sys/firmware/efi ipo. fw_platform_size inasema 64.

Ila efibootmgr bado inaimba wimbo uleule wa "EFI variables are not supported". Na ndani ya /sys/firmware/efi/efivars ni patupu.

---

fundi_wa_dmesg

Imaunti. efivarfs ni faili sistemu kama nyingine, na kwako ni moduli. Kwa kawaida systemd inaimaunti yenyewe mapema kabisa, kama mfumo wako wa init ni mwingine ni juu yako:

`mount -t efivarfs efivarfs /sys/firmware/efi/efivars`

Mount ikikataa pia angalia /proc/cmdline kama kuna `efi=noruntime`, au kama keneli yako ni ya PREEMPT_RT. RT inazima huduma za femwea kwa makusudi kwa sababu mwito mmoja wa femwea unaweza kuishikilia CPU muda mrefu, unazirudisha kwa `efi=runtime`.

---

mama_terminali

Na EFIVAR_FS ifanye y tu, ni ndogo mno kuiacha moduli. Halafu ukikutana na miongozo ya zamani inayotaja CONFIG_EFI_VARS usiitafute, ile ilikuwa ya njia ya zamani ya sysfs ya /sys/firmware/efi/vars na imeshaondolewa tangu keneli 6.0. Yenyewe ilikuwa na ukomo wa baiti 1024 kwa kila kigezo, ndio sababu efivarfs ikaletwa kwenye 3.8.

Onyo moja ukishaimaunti. Mule ndani ni kumbukumbu ya femwea yenyewe, sio kopi. Kuna mashine zilikufa kabisa kwa sababu mtu alipiga rm -rf ikapita mpaka mule, femwea zao mbovu zikashindwa kuamka bila vile vigezo. Tangu 4.5 keneli inaviwekea vigezo vingi ulinzi wa immutable mpaka uutoe kwa chattr -i, kwa hiyo ukikuta faili limekataa kufutwa usikimbilie chattr, jiulize kwanza kwa nini limelindwa.

---

biti_mbichi

Mount imekubali na efibootmgr inaorodhesha. Nimejaribu kusajili sasa napata `Could not prepare Boot variable: No space left on device`. Nafasi ya nini tena, patisheni ina MB 480 na ushee ziko wazi!

---

stub_tupu

Sio nafasi ya diski, ni ya ile chipu ya femwea. Piga `ls /sys/firmware/efi/efivars | grep dump` utuonyeshe. Nahisi una EFI_VARS_PSTORE imewashwa, ile keneli ikipata panic inaandika log zake humo ili uzisome baadaye, na zisipohamishwa zinajaa. Zile za dump-type unaweza kuzifuta kwa rm ya kawaida moja moja, hazina ule ulinzi, usiguse kitu kingine. Kisha restati, kuna femwea zinazosafisha nafasi pale tu zinapowaka upya, ukifuta bila kurestati inabaki kusema imejaa.

Kama hutumii hizo log weka EFI_VARS_PSTORE_DEFAULT_DISABLE.

---

jogoo_la_grub

Na usije ukadanganywa na mtu akakupa `efi_no_storage_paranoia`. Keneli inakataa kujaza ile chipu kwa sababu ziko femwea zikijaa haziwaki tena. Ule ubishi wake ni wa kukulinda.

---

biti_mbichi

Zilikuwepo dump kibao, nimefuta, nimerestati, usajili umepita:

`efibootmgr -c -d /dev/nvme0n1 -p 1 -L "keneli yangu" -l '\EFI\Linux\keneli.efi' -u 'root=PARTUUID=... rw'`

BootCurrent sasa ni 0003. Asanteni sana wakuu. Maswali mawili ya mwisho. Moja, nilivyoweka amdgpu (draiva ya kadi ya picha ya AMD) iwe y na yenyewe kwa kuwa sina initramfs, skrini inakufa katikati ya kuwaka. Nikiirudisha m inaenda vizuri. Mbili, kila nikikompaili keneli mpya nisajili upya?

---

mama_terminali

amdgpu inahitaji mafaili yake kutoka /lib/firmware. Ikiwa y inaamka kabla root haijamauntiwa, inayatafuta haiyaoni, na wakati huo inaweza kuwa imeshainyang'anya efifb skrini. Iache m, ndio dawa rahisi. Ukitaka y kwa lazima utayapachika ndani ya keneli kwa CONFIG_EXTRA_FIRMWARE, utaandika majina ya mafaili yanayohusu chipu yako tu, na orodha yake sio fupi.

Kusajili upya hapana. Kilichosajiliwa ni patisheni na jina la faili, sio kilichomo ndani. Ukifunika keneli.efi kwa mpya femwea haijui tofauti. Ila mimi nisingefunika. Ile inayowaka iache na jina lake, mpya ipe jina jingine na usajili wake, na cmdline ya ndani iache hivyohivyo hata kama umeandika kwenye -u, maana kuna femwea zinazidondosha zile hoja njiani na ukakuta keneli haijui root iko wapi.

---

fundi_wa_dmesg

Na unapoijaribu hiyo mpya usiguse BootOrder (foleni ya buti). efibootmgr -c inaiweka mbele ya foleni yenyewe, kwa hiyo tumia -C kubwa inayosajili bila kuiingiza kwenye foleni, kisha:

`efibootmgr -n 0004`

Hiyo ni BootNext, femwea inaitumia mara moja tu halafu inaifuta. Keneli mpya ikipata panic unazima unawasha, unarudi kwenye ile nzuri bila kugusa setapu.